Lugha za Kompyuta: Tuseme Tunachokijua

Limezuka miongoni mwetu gumzo ambalo miaka thelathini iliyopita lisingefahamika kabisa. Vijana waliotoka vyuoni, watumishi wa ofisi za Serikali, na hata watu ambao hawana shughuli na kompyuta ila wanapotuma fedha kwa simu, wanabishana juu ya lugha za kuandikia programu: ipi iliyo bora, ipi iliyokufa, ipi ya wenye akili na ipi ya wababaishaji. Ubishi huo unasikika barazani baada ya sala ya alasiri, unasikika madarasani, na, jambo linalotutia wasiwasi zaidi, unasikika katika vikao vinavyoamua matumizi ya fedha za umma.

Hatuna ugomvi na mjadala. Umma usiojadiliana hauwezi kujitawala, na Chama chetu kimelelewa katika vikao. Lakini mjadala una sharti lake, nalo ni elimu ya jambo linalojadiliwa. Tunachokilalamikia ni ile tabia ya mtu kuihukumu lugha ambayo hajapata kuiandikia hata mistari kumi, na kuipitisha hukumu yake kwa nguvu ya sauti badala ya nguvu ya hoja. Debe tupu, walisema wahenga, haliachi kuvuma. Lakini debe likivuma mezani pa anayetia saini mkataba wa Serikali, hasara yake haiishii masikioni.

Kwa faida ya wasomaji ambao jambo hili ni geni kwao, tueleze kwanza kiini chake. Kompyuta ni mashine, na ndani yake haina lugha ila sifuri na moja. Lugha ya programu ni utaratibu wa maneno na alama ambazo binadamu anaweza kuzisoma na kuziandika. Maagizo anayoyaandika hufasiriwa na programu nyingine hadi mashine ikaweza kuyatekeleza. Elimu ya kupanga maagizo hatua kwa hatua ni kongwe kuliko mashine yenyewe. Neno algoritimu, ambalo ndilo jina la elimu hiyo, limetokana na jina la mwanachuoni al-Khwarizmi aliyeishi Baghdad katika karne ya 9.

Kila moja ya lugha hizi ilizaliwa na kazi. Fortran ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 ili wanasayansi waandike hesabu zao bila kuhangaika na tarakimu za mashine. COBOL ilibuniwa kuanzia mwaka 1959 kwa ajili ya mishahara, bima, na vitabu vya hesabu za biashara. BASIC ilianzishwa katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili mwanafunzi asiye wa sayansi naye aitumie kompyuta. C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kuandikia programu zile zinazoiendesha mashine yenyewe. Fundi wa jahazi ana tezo, ana keekee, ana randa na ana msumeno. Hatujasikia mafundi wa jahazi wakitengana makundi mawili, moja likishangilia tezo na jingine keekee, kama mashabiki wa Simba na Yanga. Fundi huuliza kwanza: tunachonga au tunatoboa?

Katika ubishi wa lugha za kompyuta swali hilo haliulizwi. Mtu hujiunga na upande, kisha hutafuta maneno ya kuutetea. Na mara nyingine hata jina la anachokisema halijui sawasawa. Tumewasikia watu wakizungumza juu ya Java na JavaScript kana kwamba ni kitu kimoja, au mtu na mdogo wake. Hizo ni lugha mbili mbalimbali. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995, umbo lake la kwanza likakamilika kwa siku kumi tu, na jina la Java likaazimwa kwa ajili ya soko, kwa kuwa Java ndiyo iliyokuwa ikivuma wakati huo. Anayezichanganya hizo mbili ni sawa na mtu anayeingia duka la nguo kuulizia kanga, naye akamtarajia ndege.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha COBOL. Lugha hii ilikusudiwa tangu mwanzo isomeke na karani wa ofisi. Misingi yake mingi ilitokana na kazi ya Grace Hopper, mwanahisabati wa Jeshi la Majini la Marekani, aliyeamini kwamba mashine inaweza kuagizwa kwa maneno ya kawaida. Mwezi Desemba 1960 programu ileile ya COBOL ilionyeshwa ikifanya kazi katika kompyuta za makampuni mawili tofauti. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu hadi wakati huo aliyenunua mashine mpya aghalabu alilazimika kuandika upya kila kitu.

Mwaka 1975 mtaalamu mashuhuri wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika waraka mkali akidai kwamba COBOL inalemaza akili na kwamba kuifundisha kungestahili kuhesabiwa kuwa ni jinai. Dijkstra alikuwa mjuzi wa kweli. Alikwisha tunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1972, na alikuwa na sababu zake za kielimu. Lakini kauli yake ilitoka mikononi mwa mjuzi ikaingia midomoni mwa wasiojua. Kwa takriban nusu karne imekuwa ikikaririwa na watu ambao hawajapata kuiona programu ya COBOL kwa macho yao. Huku wakicheka, mashine zilizoandikiwa lugha hiyo ziliendelea usiku na mchana kulipa mishahara, kuhesabu malipo ya uzeeni na kupitisha fedha za mabenki.

Mwezi Aprili 2020, maradhi ya korona yalipowatoa watu wengi kazini, ofisi za jimbo la New Jersey, Marekani, zilizidiwa na maombi ya posho za waliokosa ajira. Gavana Phil Murphy alijitokeza hadharani kuomba msaada wa watu wanaoijua COBOL, kwa kuwa mfumo wa jimbo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Papo hapo ulimwengu mzima ukatoa hukumu: mkosaji ni lugha kongwe. Mwanahistoria Mar Hicks alilichunguza jambo hilo na kueleza katika mwaka huohuo kwamba programu za COBOL zilikuwa zikifanya kazi yake, na kwamba sehemu iliyolemewa ilikuwa ni ile ya mbele inayopokea maombi ya wananchi, ambayo iliandikwa kwa Java, lugha iliyotoka mwaka 1995. Tusielewe kutokana na hayo kwamba Java ndiyo mbaya. Hiyo itakuwa ni kurudia kosa lilelile kwa kugeuza majina. Funzo lake ni kwamba maelfu ya watu walimtaja mkosaji kabla ya yeyote kati yao kuifungua mashine na kutazama. Waliokuwa wakisubiri posho zao hawakufaidika na kelele hizo hata kidogo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Upande wa pili wa kosa hili ni sifa zisizo na kipimo. Ada ni lugha iliyoundwa kwa agizo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na shabaha yake hasa ilikuwa usalama: kumzuia mwandishi asifanye makosa katika kazi ambazo kosa moja huua watu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Baada ya sekunde zipatazo 40 ilipinda njia ikavunjika angani. Programu ya kupimia mwendo wake iliandikwa kwa Ada. Ilichukuliwa kutoka katika roketi ya zamani, Ariane 4, bila kupimwa upya kwa safari ya roketi mpya yenye mwendo mkali zaidi. Tarakimu moja ya mwendo ilikua hata ikapita kiasi cha nafasi iliyowekewa, ambayo haikuweza kubeba zaidi ya 32,767. Ilikuwa ni kumimina pishi ndani ya kibaba. Kinga ya hapo iliachwa kwa makusudi, kwa imani kwamba tarakimu hiyo haiwezi kukua kiasi hicho. Na kwa Ariane 4 imani hiyo ilikuwa kweli. Lugha ya usalama haikumwokoa mtu ambaye hakuuliza kama hali imebadilika.

Atatokea wa kutuambia kwamba basi lugha zote ni sawa, na ubishi wote ni upuuzi. Hilo nalo silo tunalolisema. Lugha zinatofautiana, na tofauti nyingine ni za uzito mkubwa. C, kwa mfano, humwachia mwandishi asimamie mwenyewe kumbukumbu ya mashine, na akikosea kidogo tu hufungua mlango kwa wezi. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyoandikwa kwa C na ambayo hulinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya dunia. Kwa kasoro hiyo mgeni aliweza kuchota siri zilizomo katika kumbukumbu ya mashine ya mwenziwe. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba kiasi cha asilimia 70 ya kasoro za usalama inazozirekebisha kila mwaka ni za jamii hiyo ya kumbukumbu. Mwaka 2020 watunzaji wa Chromium, programu ya kutazamia kurasa za intaneti, walihesabu kasoro zao nzito wakapata kiasi hichohicho. Ndiyo sababu lugha kama Rust, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2015, zimepata heshima: zinamzuia mwandishi kufanya makosa ya namna hiyo tangu mwanzo. Google, iliyoanza kuandika sehemu mpya za Android kwa lugha za aina hiyo, ilitangaza kwamba kasoro za kumbukumbu zilishuka kutoka asilimia 76 ya kasoro zote za usalama mwaka 2019 hadi asilimia 24 mwaka 2024.

Wasomaji watazame tofauti iliyopo. Hao hawakusema kwamba C ni mbovu kwa kuwa ni ya kizee, wala hawakusema Rust ni nzuri kwa kuwa ni ya kisasa. Walihesabu, wakapanga kasoro kwa jamii zake, wakajaribu dawa, wakahesabu tena. Hukumu ya namna hiyo inaweza kupingwa, lakini anayeipinga atalazimika naye kuleta hesabu zake.

Mijadala mizuri ya aina hiyo imekuwapo tangu zamani. Mwaka 1968 Dijkstra huyuhuyu alichapisha barua akipinga agizo liitwalo «go to», ambalo huirusha programu kutoka mstari mmoja hadi mwingine na kumpoteza msomaji. Watu wengi wanaoikariri barua hiyo wanajua kichwa chake tu, na kichwa chenyewe hakukitunga yeye bali mhariri, Niklaus Wirth. Mwaka 1974 Donald Knuth alimjibu kwa makala ndefu. Hakumtukana, wala hakuunda kundi la kumzomea. Alichukua programu halisi, akaonyesha mahali ambapo agizo hilo linadhuru na mahali ambapo linafaa, na akapima muda unaookolewa. Wasomaji wa makala hizo mbili huinuka wakiwa na elimu zaidi. Nani huinuka na elimu zaidi kutoka katika ubishi wetu wa barazani?

Sasa tuyalete mambo haya nyumbani. Wizara za afya, Bara na Visiwani, zinatumia mfumo wa DHIS2 kukusanya takwimu za vituo vya afya. Mfumo huo unatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia, uundaji wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na sehemu yake ya ndani imeandikwa kwa Java. Mtu anaweza kukesha akibishana kama Java ni nzito au nyepesi. Lakini ikiwa takwimu za chanjo kutoka kituo cha Micheweni zitachelewa au zitajazwa kwa kubahatisha, hakuna lugha duniani itakayozisahihisha. Manufaa ya mfumo kama huo yanategemea mhudumu aliyefunzwa, umeme usiokatika, msimamizi anayezisoma takwimu, na fundi wa hapahapa anayeweza kuufungua mfumo ukikwama. Mambo hayo hayana mashabiki, nayo ndiyo yanayostahili sehemu kubwa ya muda wa vikao vyetu.

Tunawaomba basi watendaji wa Serikali wawe macho. Atakuja mshauri au mfanyabiashara na kuwaambia kwamba mfumo mlio nao umeandikwa kwa lugha iliyokufa, na kwamba hapana budi uandikwe upya kwa lugha aliyo nayo yeye. Huenda anasema kweli. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na si haki fedha za wavuvi na wakulima wa karafuu zitumike kwa tetesi. Aulizwe mambo machache kwa upole na kwa uwazi. Ni kazi gani ambayo mfumo wa sasa umeshindwa kuifanya, na ushindi huo umepimwaje? Je, kasoro imo katika lugha, au imo katika mashine, katika mtandao, au katika maandishi ya aliyeutunga? Ni vijana wangapi wa hapa Visiwani wanaoijua lugha mpya kiasi cha kuutunza mfumo baada ya mkandarasi kufunga mizigo yake? Kuhama kutagharimu nini, na wananchi watahudumiwaje siku za kuhama?

Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Uhamisho ule haukuandaliwa sawasawa, na wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya fedha zao wenyewe. Mwezi Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza benki hiyo faini ya paundi milioni 48.65. Benki tajiri yaweza kulipa faini ya namna hiyo; idara yetu ndogo haiwezi, wala mstaafu wa Wete hawezi kungoja miezi apate pensheni yake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi mbacha usibadilishwe kamwe; ukichakaa utatupwa. Tunasema utazamwe kwanza kama kweli umechakaa.

Hasara nyingine inawaangukia vijana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaanza kujifunza lugha moja. Kabla hajaandika programu ya kujumlisha bei za samaki sokoni Darajani, anaambiwa kwamba lugha yake ni ya kitoto, ahamie nyingine. Akihamia, anaambiwa na hiyo imepitwa. Mwisho wa mwaka amejifunza majina ya lugha nyingi na hajui kazi hata moja. Mchagua jembe si mkulima. Linus Torvalds, aliyeuanzisha mfumo wa Linux mwaka 1991, alianza utotoni na BASIC katika kompyuta ya babu yake. Na BASIC ni miongoni mwa lugha zilizolaaniwa na Dijkstra katika waraka ule wa 1975. PHP imekuwa ikidharauliwa na wengi, na hata hivyo programu inayoendesha Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili, imeandikwa kwa PHP. Anayeimudu vizuri lugha moja hujifunza ya pili kwa wepesi, kwa kuwa kupanga fikra, kupima kazi na kusahihisha makosa ni ujuzi unaohama naye. Tunawasihi walimu wa vyuo vyetu wawalinde wanafunzi na kelele hizi.

Sisi tuliokalia mkeka wa chuoni tulifundishwa kwamba aliyefika juzuu ya amma hasimami kumsahihisha aliyehitimu. Tuliwaona pia masheikh wakubwa, watu waliokuwa na elimu ya miaka hamsini, wakijibu suala na kumalizia kwa maneno mawili: Allahu aalam. Maneno hayo hayakuwapunguzia heshima; ndiyo yaliyofanya watu waziamini kauli zao nyingine. Na sisi tuliolelewa katika Chama tunakumbuka kwamba mwaka 1930 Mao Zedong aliandika makala mahususi kuwataka makada wake wachunguze jambo kwa miguu na macho yao kabla ya kulitolea kauli. Dini na siasa, kila moja kwa njia yake, zinatufundisha adabu ileile ya kunyamaza mpaka tumejua.

Adabu hiyo haimzuii mwananchi kusema. Mwananchi asiyejua hata mstari mmoja wa Java ana haki kamili ya kusema kwamba mfumo wa kulipia maji unamsumbua, kwamba umemwandikia deni asilokuwa nalo, kwamba hauna Kiswahili anachokielewa. Hayo anayajua kuliko mtaalamu yeyote, kwa kuwa yanampata yeye, na ni wajibu wa mtaalamu kuyasikiliza. Kila mtu aseme anachokijua: mwananchi aseme linalomsibu, mtunga programu aseme alichokiandika na kukipima, na kiongozi aulize maswali mpaka aridhike. Kikao cha namna hiyo hutoa uamuzi unaoweza kutetewa mbele ya umma.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtu akisimama kesho na kutamka kwamba lugha fulani haifai, tusimshangilie wala tusimzomee. Tumuulize: umeandika nini kwa lugha hiyo, kilifanya kazi gani, na kilishindwa wapi? Akiwa na jibu, tumpishe mkekani tumsikilize. Asipokuwa nalo, tumpatie kitabu na kompyuta akajifunze, kwa kuwa kuuliza na kujifunza si aibu kwa mtu wa umri wowote.